Jina Katikati ya Sahani: Kampuni za Santuri za Nairobi na Suala la Mtunzi wa Wimbo wa Dansi

Utangulizi

Wimbo wa "Malaika" ni miongoni mwa matungo ya Kiswahili yanayojulikana zaidi ulimwenguni, na pengine hakuna shairi la Kiswahili, la zamani au la sasa, lililosikika na watu wengi kuushinda. Katika Lucky Summer, mtaa wa mashariki mwa Nairobi uliopakana na Baba Dogo, Korogocho na Dandora, wimbo huu huweza kuimbwa arusini na vijana ambao hawakupata kuiona sahani ya santuri kwa macho yao. Mtu akiuliza ni nani aliyeutunga, hupata majibu ya aina tatu. Wapo watakaosema ni wa Miriam Makeba. Wapo watakaosema ni wa Fadhili William. Wengine watasema kwamba ni wimbo wa zamani tu, yaani hauna mwenyewe.

Jibu hilo la tatu ndilo linaloshughulikiwa na makala haya, kwa sababu wahakiki wa fasihi nao wamelitoa mara nyingi, ijapokuwa kwa istilahi zenye heshima zaidi. Wimbo wa dansi umetiwa katika kapu la fasihi simulizi, na kwa mazoea ya ufundishaji kapu hilo huchukuliwa kuwa ni mali ya jamii nzima. Mwanafunzi hufundishwa kuchambua maudhui na fani ya wimbo huo, dhima yake katika jamii, na matumizi yake ya takriri. Hafundishwi kuuliza uliandikwa kwenye sahani gani, na nani, kwa malipo gani, na jina la nani lilichapwa juu ya ile karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani.

Hoja ya makala haya ni kwamba wimbo wa dansi wa Nairobi wa miaka ya 1950 na 1960 haukuwa simulizi kwa maana hiyo. Ulitungwa na watu wanaotajika, ukapimwa kwa dakika, ukahifadhiwa katika umbo lisilobadilika, ukapigwa chapa kwa wingi na kuuzwa. Taasisi iliyoyafanya hayo yote ni kampuni ya santuri. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1948, imeandikiwa historia yake kama taasisi ya kifasihi. Kampuni zilizokuwa zikitoa sahani katika mji huohuo na miaka hiyohiyo hazijapewa hadhi hiyo, ingawa wasikilizaji wao waliwazidi kwa mbali wasomaji wa vitabu vya Bureau.

Kutoka Bombay hadi Nairobi

Biashara hii haikuanzia Nairobi. Mwezi Machi 1928 Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa ajili ya kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye nembo maarufu ya HMV. Sahani hizo ziliuzwa sana katika upwa wote na bara. Haikupita miaka miwili kabla ya kampuni nyingine, Odeon na Columbia, kufika Afrika Mashariki kutafuta waimbaji wao. Ni Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad, aliyetambua mapema kwamba sahani hizi ni tukio katika historia ya lugha, si katika historia ya starehe peke yake. Aliandika juu ya mwimbaji kama vile wengine waandikavyo juu ya mshairi. Baada yake wahakiki wengi wa ushairi waliiacha njia hiyo.

Yafaa ikumbukwe kwamba kamati ya kusanifisha Kiswahili, iliyojulikana kama Inter-Territorial Language Committee, iliundwa mwaka 1930, wakati uleule ambapo sahani za taarabu zilikuwa zikienea. Kuanzia hapo lugha ilisanifishwa mara mbili: mara moja mezani, kwa kamusi na vitabu vya kiada, na mara nyingine kwa sindano ya santuri. Usanifishaji wa kwanza una wanahistoria wake. Wa pili ungali unawangoja wake.

Pamoja na sahani za Kiswahili zilikuja pia sahani za kigeni. Kuanzia 1933 HMV iliuza barani Afrika mfululizo wa GV, uliokuwa na nyimbo za Kikuba, na athari yake kwa bendi za Kongo na za Afrika Mashariki haihitaji kuelezwa upya. Muziki wa Marekani nao ulifika. Ushahidi wa ajabu zaidi ulipatikana mwaka 1950, Hugh Tracey alipokuwa Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko alirekodi wimbo uitwao "Chemirocha", na jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, kama lilivyopokewa na ulimi wa Kikipsigis. Rodgers alikuwa Mzungu, lakini nyimbo zake zilizomtajirisha zilijengwa juu ya bluzi za Wamarekani Weusi. Hivyo bluzi zilikuwa zimepata nyumba katika Bonde la Ufa kabla ya wengi wa waimbaji wa Nairobi kushika gitaa. Jina "jazi" nalo lilishapata umaarufu wake pekee. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilianzishwa miaka ya 1930, Morogoro Jazz miaka ya 1940, na chache kati ya bendi hizo zilipiga kitu ambacho mtu wa Chicago angekiita jazi. Neno hilo lilimaanisha usasa, suti, na ala za shaba.

Duka, kiti na sahani

Ulinganisho na Marekani unafaa hapa, kwa sababu kampuni za mwanzo za jazi na bluzi zinaonyesha waziwazi jambo ambalo Nairobi linaonekana kwa taabu. Mwaka 1920 kampuni ya Okeh ilitoa "Crazy Blues" ya Mamie Smith, na wafanyabiashara wakagundua kwa mshangao kwamba Wamarekani Weusi nao wana fedha za kununulia sahani. Miongoni mwa waliolikimbilia soko hilo ni Paramount, iliyokuwa mali ya kiwanda cha viti cha Wisconsin. Kiwanda kilianza kwa kutengeneza makabati ya santuri, kikaona kwamba kabati bila sahani halinunuliki, na mwaka 1917 kikaingia katika biashara ya sahani. Ma Rainey, Blind Lemon Jefferson na Charley Patton walihifadhiwa kwa vizazi vijavyo na watu waliokuwa wakifikiria mbao. Haki za nyimbo nyingi ziliandikishwa kwa jina la kampuni ya uchapishaji iliyoshirikiana na Paramount, na watunzi wengi walipata malipo ya siku moja. Katikati ya miaka ya 1930 Paramount ilikuwa imekwisha kufungwa. Miongo mingi baadaye wahakiki wa Marekani walianza kuzichambua bluzi kama ushairi, nao walikuta kwamba mlango wa kuingilia ni orodha ya kampuni: tarehe ya kurekodi, namba ya sahani, jina katika mabano.

Nairobi nayo ilikuwa na wauza viti wake, kwa namna ya kusema. Katika miji ya Afrika Mashariki santuri na sahani ziliuzwa na maduka, mengi yakiwa ya wafanyabiashara wa Kihindi, na baadhi ya maduka hayo yakageuka kuwa kampuni za kurekodi. Assanand wa Mombasa alitoa nembo ya Mzuri, ambayo bila hiyo tusingekuwa na sehemu kubwa ya kazi za Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro. African Gramophone Stores na Capitol Music Stores zilikuwa Nairobi. Mwenye duka alikuwa na faida moja ambayo hata mhariri wa magazeti hakuwa nayo: alimwona mnunuzi uso kwa uso, akajua ni wimbo upi uliorudisha watu dukani Jumamosi iliyofuata.

Vita Kuu ya Pili ndivyo vilivyoleta upande mwingine wa biashara. Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi, alikuwa katika kikosi cha burudani cha jeshi kilichopelekwa Ceylon, India na Burma. Alirejea akiwa na ujuzi wa gitaa na wa jukwaa, na rekodi zake zilizobaki zinaanzia 1947. Peter Colmore, aliyekuwa katika burudani za jeshi hilohilo, akawa mtayarishaji mkubwa Nairobi. Ikazaliwa pia nembo ya Jambo, chini ya East African Records. Wateja wa sahani hizi walikaa zaidi Eastlands: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Ziwani, Makongeni, mitaa ya wafanyakazi wa reli, wa manispaa na wa majumbani, iliyokuwa na kumbi zake za dansi. Lucky Summer ilijaa watu baadaye sana, enzi ya kaseti ilipokuwa imekwisha kuingia.

Equator Sound

Karibu na mwaka 1960 Charles Worrod aliichukua Jambo na kuanzisha Equator Sound Studios. Hii ndiyo kampuni inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko nyingine zote, kwa kuwa ilifanya jambo ambalo maduka hayakulifanya kwa kiwango hicho. Badala ya kungoja bendi zije na nyimbo zilizokwisha kuiva, iliweka bendi yake ndani ya studio. Fadhili William alitoka na kundi la Jambo Boys, likawa msingi wa Equator Sound Band. Humo walikuwamo Daudi Kabaka na Gabriel Omolo wa Kenya, Charles Ssongo wa Uganda, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Orodha hiyo ya majina ina uzito wa kiisimu. Mtaita, Mluhya, Mjaluo, Mganda na watu wawili wa kutoka kusini ya Tanganyika waliketi katika chumba kimoja wakatunga kwa lugha ambayo haikuwa ya mama kwa yeyote kati yao. Kampuni ilihitaji lugha itakayouza kutoka Mombasa hadi Kampala na kuvuka hadi Kongo ya mashariki, na lugha hiyo ilikuwa moja tu. Kiswahili kilichotoka humo kina sifa zake. Sentensi ni fupi, msamiati ni wa matumizi ya kila siku, upatanisho wa ngeli mara nyingine hulegezwa, na tamathali hazihitaji mtu awe amelelewa Lamu ili azielewe. Wapo waliokiita Kiswahili kibovu. Lakini mhakiki anayekipima kwa mizani ya Kimvita hupima kanzu kwa futi ya seremala. Lugha hii ilichaguliwa, na kila aliyeichagua alikuwa na nyingine ya kuimbia.

Umbo la wimbo nalo lilitokana na kampuni. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ya mizunguko 78 huchukua takriban dakika tatu. Mshairi wa taarabu aliyezoea beti nane au zaidi ilimbidi azipunguze, au wimbo wake ukatwe vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Watunzi wa dansi hawakuwa na urefu wa kuupoteza, kwa hiyo waliufanya ufinyu huo kuwa kanuni: gitaa linafungua, beti mbili au tatu, kiitikio kinachorudi, gitaa linaachiwa nafasi yake, na kiitikio tena hadi mwisho. Mwaka 1954 Amri Abedi alitoa Sheria za Kutunga Mashairi, akafafanua vina na mizani. Mwaka 1974 Kezilahabi alitoa Kichomi, na ule ugomvi wa wanamapokeo na wanamabadiliko ukashika moto. Katika miaka hiyo 20 Nairobi ilikuwa na utungo ambao haukufuata vina na mizani kwa ukamilifu wala haukuwa huru. Ulifuata saa ya fundi wa studio. Hakuna upande wowote wa ugomvi ule uliomwita mtungaji wa namna hiyo kutoa ushahidi.

Kuhusu maudhui, Daudi Kabaka peke yake angestahili tasnifu. "Harambee Harambee" ulichukua wito wa siasa wa mwaka 1963 na kuufanya uchezeke. "Msichana wa Elimu" ulimshughulikia msichana aliyesoma miaka kadhaa kabla Rosa Mistika, iliyotoka 1971, haijaifanya mada hiyo kuwa ya lazima katika riwaya. Mahadhi yake yaliitwa twisti, lakini mdundo ulikuwa na damu ya kwela ya Afrika Kusini ndani yake, na gitaa lilikuwa la Magharibi mwa Kenya, lile lililofikishwa kileleni na George Mukabi kabla ya kifo chake mwaka 1963.

Nani mtunzi?

Hapa ndipo historia ya kampuni inapogusa uhakiki moja kwa moja. Fadhili William alirekodi "Malaika" na Jambo Boys karibu na 1960, na sahani hiyo ndiyo iliyoufanya wimbo ujulikane. Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya 1965, na Boney M wakautoa mwaka 1981. Lakini Adam Salim, mwanamuziki wa Tanganyika aliyekaa Nairobi miaka ya 1940, alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga katika muongo huo. Lucas Tututu wa Mombasa ametajwa. Grant Charo, aliyepiga pamoja na Fadhili, ametajwa pia kuwa na mkono wake. Madai haya hayakupata kumalizwa kwa namna iliyowaridhisha wote.

Kwa mhakiki, swali lenye manufaa ni kwa nini ugomvi huu ulizuka hapa na haukuzuka kwa namna hiyo katika taarabu. Katika taarabu kazi zimegawanyika: yuko mtunzi wa shairi, yuko atiaye muziki, na yuko mwimbaji, na wasikilizaji huwajua wote watatu. Katika tenzi nyingi za jadi mtunzi hujitaja katika beti za mwisho, akaweka na tarehe ya Hijra, hivyo kwamba jina lake linasafiri ndani ya utungo wenyewe na halibanduki. Wapigaji gitaa wa Nairobi nao, hasa waliotoka Magharibi, walikuwa na mazoea ya kujitaja ndani ya wimbo. "Malaika" hauna jina la mtu ndani yake. Ni sauti ya kijana aliyeshindwa kuoa kwa kukosa mali, na kijana huyo angeweza kuwa yeyote, jambo ambalo ni siri ya nguvu yake na pia chanzo cha matatizo yake. Jina lilitoka katika beti likahamia kwenye karatasi iliyo katikati ya sahani, na kwa kawaida karatasi hiyo ilikuwa na nafasi ya jina moja. Aliyeleta maneno, aliyeleta lahani na aliyeimba walilazimika kupita mlango mmoja.

Sheria haikusaidia upesi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ilipitishwa 1966, miaka kadhaa baada ya sahani ile. Chama cha kukusanya mrabaha wa wanamuziki, MCSK, kiliundwa 1983, na Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1993. Kwa muda mrefu desturi katika biashara ya sahani ilikuwa malipo ya mara moja kwa kila upande, na mtunzi akiisha kutia sahihi, au kidole gumba, alirudi Eastlands na fedha za mwezi mmoja.

Kwa hiyo dhana ya kwamba wimbo "ni wa jamii" haikuwa dhana isiyo na madhara. Kwa methali, kitendawili na wimbo wa jando, dhana hiyo inaeleza ukweli. Kwa wimbo uliorekodiwa studioni, wenye tarehe na namba, humwondolea mtunzi ushahidi wake, na humpa mtayarishaji wa ng'ambo sababu ya kuandika "wa jadi" mahali ambapo angepaswa kuandika jina na kulipa. Mhakiki hakusudii hivyo. Lakini daftari la mhakiki na daftari la mfanyabiashara hufika mahali pamoja.

Kinyume chake kipo pia. Mwaka 1968 kundi la Kiingereza la The Tremeloes lilitoa "Helule Helule" na kuufikisha kwenye nafasi ya 14 katika orodha ya Uingereza. Jina la Kabaka liliandikwa miongoni mwa watunzi. Sahani ya Nairobi ilikuwa imemtaja, na waliofuata hawakuweza kujifanya kwamba waliuokota njiani.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 nguvu ya Equator ilipungua. Rumba ya Kongo ilikuwa imetawala, benga ilikuwa inapanda, na kundi lile lilitawanyika. Nashil Pichen na Peter Tsotsi walijulikana baadaye na Eagles Lupopo, naye Gabriel Omolo alivuma na "Lunch Time" mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kaseti za wizi zilipofika, biashara yote ya sahani ilidhoofika. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki mwaka mmoja, 2001, wa kwanza Februari na wa pili Novemba.

Diwani za nyimbo zinazotumiwa vyuoni zinaweza kuanza kusahihishwa bila kungoja mahakama. Chini ya wimbo kama "Malaika" yanahitajika mambo yafuatayo: kwamba umerekodiwa na Fadhili William na Jambo Boys, Nairobi, karibu na 1960, nembo na namba ya sahani, na kwamba utunzi wake umedaiwa pia na Adam Salim, na kuhusishwa na Lucas Tututu na Grant Charo. Ni mistari minne. Neno "simulizi" linaweza kufutwa ili nafasi ipatikane.